Dakika Arobaini za Nchi ya Utuo

Nilikaa siku hamsini na tatu katika nchi ya Utuo. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Niliyosimuliwa tu nimeyaacha, ingawa yalikuwa mengi na mengine ni mabaya kuliko haya. Mimi ni Hemedi, fundi wa vyerehani, mwenyeji wa Tanga. Kiwanda kimoja cha Utuo kilihitaji mtu wa kutunza mashine zake sitini, nami nikaenda. Jinsi nilivyofika haimfaidii msomaji.

Mgeni akiingia Utuo, jambo la kwanza linalomgonga ni salamu. Hawaulizani habari za asubuhi wala za nyumbani. Mmoja husema, "Umetulia?" na mwenzake hujibu, "Nimetulia." Hujibu hivyo hata aliyetoka kuzika. Nilidhani ni adabu tu, mpaka nilipomsikia mchukuzi mmoja sokoni, gunia mgongoni, akijibu, "Nimechoka." Papo hapo askari akamkamata mkono. Neno hilo limepigwa marufuku kisheria. Katika nchi ya Utuo hakuna mtu aliyechoka. Kuna watu ambao hawajatulia, na kutotulia ni kosa lao wenyewe. Hospitalini daktari haandiki kwamba mgonjwa amezidiwa na kazi. Huandika "hajatulia", akampa kijikaratasi cha kumfundisha kupumua, akamwita anayefuata.

Sheria yenyewe ni fupi. Kila aliyetimiza miaka saba lazima kila siku afanye taamuli kwa dakika arobaini, yaani akae kimya, mgongo wima, macho ameyafumba, aifuate pumzi yake inavyoingia na kutoka. Nisieleweke vibaya. Jambo hilo ni jema. Marehemu mama yangu alikuwa akibaki juu ya msala wake kila siku baada ya sala ya alasiri, hasemi na mtu, na akiinuka uso wake huwa umenawiri. Ndiyo maana nina hasira. Watu wale wamechukua kitu cha kumpumzisha binadamu wakakifanya rungu la kumpigia.

Kwa maana dakika arobaini haziruhusiwi kutoka katika saa za kazi, na saa za kazi ni kumi na nne. Kiwandani kwetu wanawake waliingia saa kumi na moja alfajiri, wakatoka saa moja jioni, na katikati walipewa robo saa ya kula. Muda uliobaki, wa kulala, kupika, kufua, kuchota maji na kulea, Serikali iliuita "wakati huru wa mwananchi". Humo ndimo dakika arobaini zilimotakiwa kupatikana. Kwa wakubwa mambo yalikuwa mepesi. Kanuni ya tisa inasema kikao chochote cha kiongozi kinahesabiwa kuwa taamuli, na vilevile usingizi wake baada ya chakula cha mchana, "kwa kuwa hata akilala fikra zake haziko mbali na wananchi".

Siku moja niliingia Barazani kusikiliza. Mjumbe mmoja kijana alisimama akasema wananchi wake hawapati nafasi ya kufanya taamuli, akaomba siku ya kazi ipunguzwe saa moja. Ukumbi ukaguna. Mjumbe mwingine, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akasema kwamba asiye na nafasi ndiye hasa anayehitaji utulivu zaidi, kwa hiyo watu wa aina hiyo waongezewe dakika ishirini. Wakampigia makofi. Kisha wakaingia katika mjadala wa kama mtu anayepiga miayo hadharani anapinga sera za nchi au la. Walibishana mpaka saa ya chakula. Mimi nilitoka nikiwa nimeuma meno.

Sasa nirudi kiwandani. Tulikuwa tunashona mito ya kukalia wakati wa taamuli, mito minene iliyojazwa sufi, yenye kitambaa cha zambarau. Juu yake yalitariziwa maneno *Pumzi ni yako*. Waliokuwa wakiishona hawakuwa nayo majumbani mwao. Mashine zilikuwa kubwa, sindano zake nene kama za kushonea magunia. Siku yangu ya kwanza nilipita mashine moja baada ya nyingine, nikaona zote sitini zimeng'olewa kinga, kile kijiti cha chuma kinachozuia vidole visiingie chini ya sindano. Nikaenda kwa meneja, Bwana Shali.

"Bwana Shali, kinga za sindano ziko wapi?"

"Ziko stoo. Zinapunguza mwendo, fundi."

"Zinaokoa vidole."

Akatabasamu. "Mtu aliyetulia hahitaji kinga. Mkono wake unajua ulipo."

Nilikuwa mgeni, na kazi niliihitaji. Nikarudi kwenye mafuta yangu na bisibisi zangu, nikanyamaza. Aibu hiyo nitaibeba mwenyewe.

Mashine ya kumi na saba ilikuwa ya Mwatime, mwanamke wa kama miaka thelathini, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuwa na binti wa miaka miwili aliyeachwa kwa bibi yake mchana kutwa. Pembeni yake alikaa Bi Kidawa, mshonaji mkongwe kuliko wote, ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa desturi ya kwetu, naye akapenda, akaitikia marahaba kwa kunong'ona kana kwamba tunaiba kitu.

Wiki ya tano akaja Mkaguzi wa Utulivu, Mheshimiwa Dalu. Kazi yake ilikuwa kupita kwa wananchi na kuwatafutia nafasi ya taamuli katika siku zao. Alimkuta Mwatime katika robo saa ya chakula, akavuta kiti akaketi mbele yake. Kadi ya Mwatime, inayogongwa muhuri kwa kila taamuli, ilikuwa na mihuri pungufu.

"Umetulia, dada?"

"Nimetulia."

"Kadi yako haisemi hivyo. Hebu nipe siku yako. Ukitoka hapa unafanya nini?"

"Natembea mwendo wa saa nzima kwenda nyumbani, mheshimiwa. Nikifika nabandika maji."

"Maji yakiwa yanachemka?"

"Namvua mtoto nguo nimwogeshe."

"Mwogeshe kimya, macho umeyafumba. Hapo pana dakika nane."

"Mtoto wa miaka miwili, mheshimiwa? Nikifumba macho atazama."

Dalu aliandika kitu. "Unasonga ugali?"

"Nasonga."

"Kusonga ni mwendo wa duara. Ni taamuli tosha. Dakika kumi. Chooni unakaa muda gani?"

Bi Kidawa aliacha kutafuna. Mwatime akajibu kwa sauti ileile. "Sikai, mheshimiwa. Nawahi."

"Ndipo tatizo lako lilipo," akasema Dalu, akafurahi kama daktari aliyegundua maradhi. "Unawahi. Na kwa usiku unalala jumla ya saa ngapi?"

"Tano. Nne mtoto akiumwa."

"Basi amka nusu saa kabla. Mwili hauoni tofauti." Akasimama. Robo saa ilikuwa imekwisha, na sahani ya Mwatime ilikuwa bado imejaa. Akaifunika kwa leso, akawasha mashine.

Aliamka nusu saa kabla kwa siku tisa. Najua kwa sababu nilizihesabu machoni mwake. Siku ya kumi, saa nane mchana, nilikuwa nimepiga magoti nikikaza mkanda wa mashine ya ishirini niliposikia mlio ninaoujua. Sindano ikigonga mfupa hutoa mlio mmoja mfupi, na mashine hukwama. Nilipofika, Mwatime alikuwa ameketi wima, kidole chake cha shahada kimeshikiliwa chini na sindano iliyopita kucha ikatokea upande wa pili. Hakulia. Kichwa kilikuwa kinaanguka mbele na kurudi. Alikuwa amesinzia, na hata maumivu yalikuwa hayajamwamsha sawasawa.

Nilizima umeme, nikazungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, mpaka sindano ikainuka. Nusu yake ilibaki mfupani. Bi Kidawa alimkumbatia kichwa kifuani.

"Mwanangu," alimwambia. "Mwanangu, nini tena?"

"Bi Kidawa," akasema Mwatime, na chumba kizima kilisikia, "nimechoka."

Mashine sitini zilinyamaza. Bwana Shali alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza habari za kidole. Aliuliza, "Amesema nini?"

Kesi ilisikilizwa kiwandani, siku ya nne, kati ya meza za kukatia vitambaa. Hakimu alikuwa Dalu mwenyewe, kwa kuwa sheria yao inampa mkaguzi haki ya kuhukumu alichokagua. Mashtaka yalikuwa mawili: kulala wakati wa kazi na kutamka neno lililokatazwa. Mwatime alisimama mkono umefungwa kitambaa, umevimba mpaka kwenye kifundo. Nami niliitwa shahidi.

"Fundi," akasema Dalu, "mashine namba kumi na saba ilikuwa na hitilafu?"

"Haikuwa na hitilafu, lakini..."

"Sindano ilikuwa mahali pake?"

"Ndiyo."

"Ahsante. Keti."

Nikaketi. Jamani, nikaketi. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kwa kweli hizo mbili nilimfunga mwanamke yule. Dalu alisoma hukumu iliyokuwa imeshaandikwa: kwa mwaka mzima, kila siku ya mapumziko, Mwatime atakwenda Nyumba ya Rekebisho akae katika taamuli toka asubuhi hadi jioni. Siku ya mapumziko kule ni moja kwa wiki. Ndiyo siku pekee ambayo binti yake alimwona mchana.

Ndipo nikainuka bila kuitwa.

"Mheshimiwa, niulize kuhusu kinga."

"Shahidi hujibu alichoulizwa."

"Basi najibu nisichoulizwa! Mashine hizi zote zimeng'olewa kinga ya vidole. Ziko stoo, kwenye boksi, nimeziona. Nilimwambia Bwana Shali siku ya kwanza. Akasema mtu aliyetulia hahitaji kinga. Wewe ndiye uliyemwambia dada huyu apunguze usingizi, mbele yangu, na chakula chake kikapoa. Leo unamhukumu kwa kusinzia! Huyu mtu amechoka. Wote hawa wamechoka. Mna nini nyinyi, mbona neno dogo hivi linawatisha?"

Bwana Shali aliamuru nitolewe. Lakini kabla askari hajanifikia, Mwatime aliongea, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Mheshimiwa, naomba kuelimishwa. Mtu akiwa amekaa katika taamuli, nani ana ruhusa ya kumwinua?"

Dalu alijivuna kidogo. Sheria aliipenda. "Hakuna. Kanuni ya kumi na mbili. Hata Waziri hawezi. Kumgusa aliye katika taamuli ni jinai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapotulia."

"Nani anajua kama ametulia?"

"Yeye mwenyewe. Hakuna anayeweza kuona ndani ya..." Akakoma. Kanuni ile ilitungwa ili wakubwa wasiamshwe mchana, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka kwamba mtungaji hakuandika "wakubwa".

Mwatime alikuwa ameshaketi. Alikunja miguu sakafuni, mgongo wima, mkono wake mbovu ameuweka mapajani, akafumba macho. Bi Kidawa alivuta mto mmoja wa zambarau kutoka kwenye rundo, akausukuma chini ya mwenzake, akachukua mwingine, akaketi kando yake huku magoti yakimlia. Kisha wa tatu. Kisha safu nzima. Ndani ya muda mfupi wanawake sitini walikuwa wamekaa juu ya mito waliyoishona wao, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliwasikia ndege waliojenga katika dari ya kiwanda kile.

"Waamsheni!" akapiga kelele Bwana Shali.

"Siwezi," akasema Dalu, uso umemtoka jasho. "Ni jinai."

Walikaa siku tatu. Waliinuka kwa zamu, wachache wachache, kwenda chooni na kunyonyesha, wakarudi wakaketi. Ndugu zao walileta uji na maji langoni, na askari hawakujua kanuni gani inakataza uji. Kulala katika taamuli ni kosa, nalo huthibitishwa kwa mdomo kuachama, basi Bi Kidawa akawafundisha kujifunga kanga kutoka kidevuni hadi utosini. Wakalala hivyo, wima, midomo imefumbwa, wamelala usingizi ambao sijapata kuona watu wazima wakilala. Dalu alipita kati yao na taa yake ya kumulikia, akichungulia taya moja baada ya nyingine. Hakupata ushahidi.

Mambo mawili yaliwabana wakubwa. Sikukuu ya Utulivu Mkuu ilikuwa karibu, na mito elfu nane ya wageni ilikuwa haijashonwa. Tena habari ilikuwa imefika kwenye kiwanda cha sabuni, na huko nako watu walikuwa wameanza kuketi. Siku ya pili Bwana Shali alileta wanawake wengine kutoka mji wa jirani, akaniita.

"Waonyeshe mashine, fundi. Nawe nitakusamehe maneno yako."

Nikamwambia ninakwenda kuziandaa. Nilichukua bisibisi, nikapita mashine zote sitini, moja baada ya nyingine, nikafungua sindano nikaziweka katika kopo la mafuta. Kisha nikaingia stoo nikachukua boksi la kinga, nikaliweka juu ya meza yake.

"Zikirudi hizi, sindano zitarudi," nilisema. "Bila hizi, tafuta fundi mwingine."

Alinipiga kofi. Sikumrudishia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Wale wanawake wa mji wa jirani walitazama lile boksi, wakawatazama waliokaa, wakatazamana. Mmoja akauliza kama mito imebaki. Ikawa imebaki.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Baraza lilikutana kwa dharura. Azimio lililetwa likasomwa kwa kipaza sauti: siku ya kazi ipungue saa mbili, kinga zirudishwe, na hukumu ya Mwatime ifutwe. Lilieleza kwamba hayo ni matunda ya taamuli, kwamba viongozi wametulia wakaona nuru, na kwamba wananchi wawashukuru. Kifungu cha mwisho kilisema tangu siku hiyo taamuli ya mwananchi haitazidi dakika arobaini, baada ya hapo anaweza kuinuliwa kwa nguvu. Neno "nimechoka" likabaki marufuku.

Bi Kidawa alifungua kanga yake kichwani. "Wametoa saa mbili," alisema, "na wanataka tuwapigie magoti kwa saa hizo. Inukeni, jamani. Magoti yangu yamekwisha kazi."

Ningependa kuandika kwamba walishinda kila kitu. Mwatime alikatwa kidole siku iliyofuata. Kipande cha sindano kilikuwa kimeozesha mfupa kwa siku zile za kungoja kesi na kukaa, na daktari aliyemkata aliandika kwenye cheti "hajatulia". Bwana Shali alihamishiwa kiwanda kikubwa zaidi. Dalu alipandishwa cheo kwa kutovunja kanuni. Mimi nilipewa siku moja ya kuondoka. Nimetembea nchi nyingi na nimeona watu wakinyimwa chakula, wakinyimwa ardhi, lakini sijaona wanaonyimwa pumziko kisha wakashtakiwa kwa kutopumzika. Wanaotunga sheria za namna hiyo wana akili timamu. Wanajua wanachofanya. Nilikaa nao, nikala nao mara moja, wana vicheko vizuri.

Siku yangu ya mwisho nilikaa hadi kiwanda kilipofungwa. Ilikuwa mara ya kwanza kufungwa saa kumi na moja jioni. Wanawake walitoka wakasimama uani, jua bado liko juu ya mapaa, wakawa kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Bibi yake alikuwa amemleta binti wa Mwatime mpaka langoni, na Mwatime alipomwona alikimbia, mkono wake wa bandeji ameushika juu.

Mtoto alirudi nyuma. Akajificha katika gauni la bibi yake, akalia. Siku sita za wiki alimzoea mama wa kwenye mwanga wa kibatari, na huyu aliyekuja na jua na bandeji hakumtambua.

Nilidhani Mwatime atamnyakua. Hakumgusa. Aliketi chini kwenye vumbi, hatua mbili kutoka kwake, akamtazama pembeni kama mtu asiye na haja. Mtoto akalia, akachungulia, akalia tena. Mama akaokota kijiti akachora kuku mchangani. Watu walipita, wakaaga, wakaondoka. Yeye hakuondoka.

Dalu alikuwa anatoka na mkoba wake kwapani. Akasimama nyuma yake, akatazama kwa muda, na uso wake ulikuwa na upole wa kweli. Ndilo lililoniudhi zaidi.

"Vizuri sana, dada," alisema. "Kimya, subira, pumzi imetulia. Hiyo naweza kuihesabu. Robo saa nzima."

Mwatime hakugeuka. Mtoto alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya gauni la bibi.

"Usiihesabu," alisema.

"Ni kwa faida yako."

"Nimesema usiihesabu, bwana. Tuondokee. Unamzibia mwanangu jua."